Mwili ni wa Mungu, basi nani anaamua? Imani ya Kikristo na maamuzi ya uzazi

Kila mjadala wa uzazi unapowaka, sentensi mbili hupambana. Ya kwanza: mwili ni wangu, uamuzi ni wangu. Ya pili: mwili si wako, ni wa Mungu. Wanaozitamka huamini kwamba moja ikisimama nyingine imeanguka, na ndiyo maana mjadala huishia palepale ulipoanzia.

Lakini sentensi hizi zinajibu maswali mawili tofauti. Ya kwanza inahusu nani mwenye neno la mwisho kati ya wanadamu. Ya pili inahusu kama mwanadamu yeyote anaweza kuwa na neno la mwisho mbele za Mungu. Mwanamke anaweza kuikubali ya pili kwa moyo wake wote na bado akauliza: sawa, mwili ni wa Mungu, lakini nani amepewa kuusemea hapa duniani? Ni mimi ninayeubeba, mume wangu, mchungaji, au bunge?

Nadhani fujo kubwa katika mada hii inatokana na kuyaviringisha pamoja maswali matatu: jambo hili ni jema au baya? Nani anaamua? Nani ana haki ya kumlazimisha mwingine, na kwa nguvu gani? Wakristo wawili wanaweza kujibu swali la kwanza kwa sauti moja kisha wakaachana kabisa kwenye la tatu. Kinyume chake hutokea pia, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Mstari wa Korintho

Andiko linalonukuliwa zaidi ni 1 Wakorintho 6:19-20: "Wala ninyi si mali yenu wenyewe, maana mlinunuliwa kwa thamani." Mara nyingi huelekezwa kwa mwanamke, na huelekezwa ili anyamaze. Inafaa basi kusoma mistari michache ya juu yake. Paulo anawakemea wanaume wa Korintho waliokuwa wakienda kwa makahaba huku wakijitetea kwamba vitu vyote ni halali kwao. Wao ndio wanaoambiwa kwamba mwili si mali yao. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba andiko lililotumwa kuwazuia wanaume wasiitumie miili ya wanawake wapendavyo limegeuka kuwa fimbo ya kumchapia mwanamke.

Hata tukilichukua kwa upana wake wote, kama Kanisa lilivyofanya tangu zamani, lina makali ya pande mbili. Kama mwili wangu si mali yangu, basi si mali ya mtu mwingine pia. Aliyeununua ni mmoja, wala hakukabidhi hati kwa mume, kwa ukoo au kwa serikali. Mimi ni wakili wa mwili huu, na wakili ndiye anayeulizwa hesabu. Mtu haulizwi hesabu ya kitu ambacho hakuruhusiwa kukiamulia.

Sura inayofuata inaingia ndani ya ndoa. "Mke hana amri juu ya mwili wake, bali mumewe" ni nusu ya mstari ambayo wengi wanaijua kwa moyo. Nusu ya pili inasema: "vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe." Kwa sheria za Roma za wakati ule nusu ya kwanza haikuwa habari, maana kila mume alijua ana mamlaka. Habari ilikuwa hiyo ya pili. Mume anayeshika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili hanukuu Maandiko, anayakata.

Walipotetea haki ya kutozaa

Kuna ukurasa wa historia ambao pande zote mbili za mjadala wa leo huuruka, nami naona ndio wenye mafunzo mengi zaidi.

Kaisari Augusto alitunga sheria, mwaka 18 kabla ya Kristo na tena mwaka 9 baada ya Kristo, za kuwasukuma raia waoe na kuzaa. Wasiooa na wasio na watoto walibanwa katika urithi. Mwanamke huru aliyezaa watoto watatu aliondolewa chini ya mlezi wa kisheria, yaani alipata uhuru wake kwa njia ya tumbo lake. Dola ilitaka askari na walipa kodi, na kizazi cha mwanamke kilihesabiwa miongoni mwa rasilimali zake.

Katika dunia hiyo wakatokea wanawake Wakristo waliosema hapana. Walikataa kuolewa, wakaweka nadhiri ya ubikira, na wengine wakakataa hata amri ya baba zao. Jamaa zao waliona ni wazimu na ni dharau kwa ukoo. Kanisa likawaunga mkono na kuwapa heshima ya juu. Mwaka 320 Kaisari Konstantino akaziondoa adhabu za urithi zilizowabana waseja. Kwa karne kadhaa, basi, Ukristo ndio ulikuwa upande uliosema kwamba mwanamke hadaiwi mtoto na mtu yeyote.

Hili halimfanyi bikira wa karne ya tatu kuwa mwanaharakati wa leo. Hakukataa kwa kuwa mwili ni wake mwenyewe. Alikataa kwa kuwa amemkabidhi Kristo. Ila tazama alichopata. Kwa kusema "mimi ni wa Mungu" alitoka chini ya mamlaka ya baba, ya mchumba na ya Kaisari. Maneno yaleyale ambayo leo hutumiwa kumfunga, wakati ule yalimfungua.

Askofu Augustino wa Hipo naye alilazimika kuugusa mwili wa mwanamke kwa njia nyingine. Roma iliporwa mwaka 410, na wanawake Wakristo, wakiwamo walioweka nadhiri, wakabakwa. Wapagani waliwacheka, na baadhi ya Wakristo wakanong'ona kwamba wamenajisika. Katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, Augustino alijibu kwamba usafi ni jambo la nia, na kwamba mwili ambao mwenyewe hakuridhia haupotezi utakatifu wake kwa uovu wa mwingine. Hakusema hivyo kwa upole wote tunaoutamani leo, lakini msingi aliuweka: ridhaa ya mtu ndiyo inayolipatia tendo la mwili maana yake mbele za Mungu.

Ridhaa hiyo imekaa pia katikati ya Injili ya Luka. Malaika anamweleza Mariamu, Mariamu anauliza swali, kisha anajibu: "na iwe kwangu kama ulivyosema." Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, alihubiri akimwomba bikira aharakishe kujibu kwa sababu ulimwengu wote unalisubiri neno lake. Mwanateolojia Tomaso wa Akwino aliandika kwamba ridhaa yake ilitafutwa kwa niaba ya wanadamu wote. Wapo wanaosoma hapa kwamba hata Mungu hakuingia mwilini mwa mwanamke bila idhini. Wapo wanaojibu kwamba alichokubali Mariamu ni kubeba mimba, na kwamba mwenye kujiita mjakazi hazungumzi lugha ya haki zake. Wote wameshika kitu cha kweli. Ila anayehubiri utii wa Mariamu akaliruka swali lake, "litakuwaje neno hili?", amehubiri nusu ya habari.

Mimba, na historia isiyonyooka

Tukifika kwenye utoaji mimba, swali linageuka, maana sasa inadaiwa kwamba kuna wawili. Hapa lugha ya uhuru juu ya mwili peke yake haitoshi kumjibu Mkristo anayeamini kwamba aliye tumboni ni jirani yake. Hapingi uhuru wa mtu juu ya mwili wake. Anauliza kuhusu mwili wa nani. Anayemjibu kwa kurudia "ni mwili wangu" hajamsikia.

Historia haimpi raha mtu wa upande wowote. Anayesema Kanisa limefundisha siku zote kwamba kutoa mimba ni kuua mtu tangu dakika ya kwanza amekosea. Anayesema Kanisa la kale halikuona tatizo kabla ya mtoto kucheza tumboni amekosea zaidi. Didake, maandiko ya Kikristo ya mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili, inakataza kuharibu mimba waziwazi. Mwandishi Mkristo Tertuliano wa Karthago aliandika kwamba atakayekuwa mtu ni mtu tayari. Huyohuyo, mahali pengine, anazitaja zana ambazo waganga walizitumia pale mtoto alipokwama akamhatarisha mama, na anauita upasuaji huo ukatili wa lazima.

Ugumu ulianzia katika Kutoka 21:22-25, sheria ya watu wanaogombana wakamgonga mwenye mimba. Kwa Kiebrania, mimba ikitoka na hakuna madhara zaidi, mpigaji hutozwa faini. Madhara yakiwapo, ni uhai kwa uhai. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, ambayo Mababa wengi wa Kanisa waliisoma, ilikuja na kitu kingine: ikatofautisha mtoto aliyekwisha kuumbika na asiyeumbika, na uhai kwa uhai ukadaiwa kwa yule aliyeumbika tu. Ukichanganya hapo elimu ya Aristotle, aliyedhani mwanamume hukamilika tumboni kwa siku 40 na mwanamke kwa 90, unapata mafundisho yaliyotawala Magharibi kwa karne nyingi. Tomaso wa Akwino naye aliamini kwamba roho ya kibinadamu huingia baadaye. Kwa wote hao, kutoa mimba hata kabla ya hapo kulibaki dhambi nzito. Kilichotofautiana ni jina la dhambi na ukubwa wa adhabu.

Makanisa ya Mashariki hayakuufuata mkondo huo. Basili wa Kaisaria, katika karne ya nne, aliandika kwamba hawaingii katika uchambuzi wa aliyeumbika na asiyeumbika. Ila yeye, kama Sinodi (kikao cha maaskofu) ya Ankira ya mwaka 314, aliweka kitubio cha miaka kumi badala ya kutengwa hadi kufa, na akasema kupona kupimwe kwa toba wala si kwa miaka. Waorthodoksi wameishi na mambo hayo mawili hadi leo: kanuni isiyopinda, na mkono laini wa mchungaji anayeitumia.

Roma iliyumba. Mwaka 1588 Papa Sixtus V aliweka adhabu kali kwa utoaji mimba wa hatua yoyote. Mwaka 1591 Gregory XIV akazirudisha nyuma, zibaki kwa mimba iliyopata roho. Mwaka 1869 Pius IX akaufuta mpaka huo kuhusu kutengwa na Kanisa, na ndipo msimamo tunaoujua ulipotulia.

Waprotestanti nao wana kumbukumbu ambazo wengine hawapendi kuguswa. Mwaka 1971 Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, watu ambao leo hutajwa wa kwanza katika kupinga utoaji mimba, walipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu utoaji mimba kwa sababu kama ubakaji, zinaa ya maharimu, ulemavu mkubwa wa kijusi, na hatari kwa afya ya mama, ikiwamo ya akili na hisia. Mwaka 2003 walipitisha azimio jingine la kujutia msimamo huo. Naitaja habari hii kwa sababu moja: mtu anayedhani kundi lake halijawahi kufikiri vinginevyo huwahukumu wengine kwa wepesi usio haki.

Kati ya wanateolojia wa karne iliyopita, namwona Dietrich Bonhoeffer kuwa aliyeona mbali kuliko wengi. Alikuwa mkali: kuua kijusi ni kunyima uhai uliokwisha kupewa haki ya kuishi. Kisha akaongeza kwamba pale tendo linapofanyika kwa kukata tamaa, katika dhiki kubwa ya kibinadamu au ya kiuchumi, hatia mara nyingi iko kwa jamii kuliko kwa mtu mmoja. Wahubiri wengi huchukua sentensi ya kwanza. Ya pili ingewagharimu.

Uzazi wa mpango: jibu moja kwa "nani", majibu mawili kwa "nini"

Hadi mwaka 1930 makanisa karibu yote yalikataza njia za kuzuia mimba. Agosti mwaka huo maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth waliruhusu, kwa kura 193 dhidi ya 67, na kwa masharti: pawepo wajibu wa kimaadili wa kuzuia mimba, na sababu nzuri ya kutotumia njia ya kujinyima kabisa. Desemba 31 Papa Pius XI akajibu kwa waraka Casti Connubii, kwamba haiwezekani. Vidonge vilipofika mwaka 1960, swali likafunguliwa tena. Tume ya Vatikani iliundwa, wengi wa wajumbe wake wakapendekeza mabadiliko, na Paulo VI akaamua vingine. Waraka wake Humanae Vitae wa Julai 1968 ulisisitiza kwamba kila tendo la ndoa libaki wazi kwa uzazi, na ukaruhusu wanandoa kufuata siku zisizo za rutuba.

Haya yanajulikana. Kisichosemwa sana ni jinsi pande hizi zilivyokaribiana kwenye swali la nani anaamua. Mkutano wa Lambeth wa 1958 ulisema Mungu ameweka wajibu wa kuamua idadi ya watoto na nafasi kati yao juu ya dhamiri za wazazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mwaka 1965, ulisema hukumu hiyo hatimaye ni ya wazazi wenyewe mbele za Mungu, wala si ya mtu mwingine. Kwa hiyo Mkatoliki na Mwanglikana hawatofautiani sana juu ya mwenye kuamua idadi. Wanatofautiana juu ya njia. Paroko anayewaambia wanandoa wazae wangapi amevuka mpaka ambao Mtaguso wake uliuchora.

Tatizo ni kwamba wazazi ni wawili, na mimba hukaa katika mwili mmoja. Wakikosa kupatana je? Humanae Vitae yenyewe, waraka unaoshutumiwa kuwasahau wanawake, inasema tendo la ndoa ambalo mmoja humlazimisha mwenzake bila kujali hali yake au matakwa yake ya haki si tendo la upendo, na linavunja utaratibu wa maadili kati ya wanandoa. Mwanamke aliyeambiwa na daktari kwamba mimba nyingine ni hatari, na mumewe hataki kusikia habari za kondomu wala za kusubiri, hapewi na mafundisho hayo amri ya kuvumilia. Kwa maoni yangu, pale wanandoa wanapogongana, hatari iliyo katika mwili wa mmoja haiwezi kupigiwa kura sawa na matakwa ya mwingine. "Kupatana" kunakosemwa na mtume Paulo katika 1 Wakorintho 7:5 hakupo kama mmoja ana haki ya kukataa kwenye karatasi tu.

Na kuna mahali ambapo hata maadili ya Kikatoliki huzungumza waziwazi lugha ya kujilinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanateolojia huko Roma walijadili hali ya watawa wa Kongo waliokuwa katika hatari ya kubakwa, wakaona kwamba kutumia dawa ya kuzuia mimba katika hali hiyo ni halali. Mwongozo wa maaskofu wa Marekani kwa hospitali zao unaeleza kwamba aliyebakwa anaweza kujilinda dhidi ya kutunga mimba, na kupewa dawa kama hakuna ushahidi kwamba mimba imekwisha kutunga. Sababu inayotolewa ni kwamba hakuridhia, na mbegu ya mbakaji ni mwendelezo wa shambulio. Tumerudi kwa Augustino: ridhaa ndiyo inayobadilisha maana ya tendo.

Anayelazimisha

Swali la tatu, la nguvu ya kulazimisha, ndilo linalochemsha siasa, na hapa kumbukumbu za karne ya 20 zinasaidia kuliko hoja nyingi.

Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Buck v. Bell, iliruhusu serikali ya jimbo kumfunga kizazi kwa nguvu mwanamke aliyedaiwa kuwa na akili pungufu. Majaji wanane waliunga mkono. Aliyepinga peke yake, Pierce Butler, alikuwa Mkatoliki. Miaka hiyohiyo wachungaji wa Kiprotestanti nchini humo walikuwa wakishindana kuhubiri juu ya kuboresha kizazi cha wanadamu, katika mashindano yaliyoandaliwa na chama cha watetezi wa siasa hiyo. Miaka mitatu baadaye Casti Connubii, waraka uleule uliokataza kuzuia mimba, uliandika kwamba watawala hawana mamlaka ya moja kwa moja juu ya miili ya raia wao. Ni sentensi ambayo mtetezi yeyote wa haki za wanawake angeweza kuitia sahihi.

Ukigeuza upande wa pili unaikuta Romania. Mwaka 1966 serikali ya Ceaușescu, isiyomjua Mungu hata kidogo, ilitoa Amri namba 770 iliyopiga marufuku utoaji mimba kwa wanawake walio wengi, na njia za kuzuia mimba nazo zikaadimika, ili idadi ya watu iongezeke. Wanawake wengi walikufa kwa njia za siri kabla amri haijafutwa Desemba 1989. China nayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikwenda upande mwingine na kuwalazimisha wanawake wasizae zaidi ya kiwango. Dola moja ilisema zaeni, nyingine ikasema msizae, na kwa zote mbili mwanamke alikuwa tarakimu katika mpango wa serikali.

Je, hilo linamaanisha Mkristo hawezi kuunga mkono sheria yoyote ya kuzuia utoaji mimba? Hapana, haliendi mbali hivyo. Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya wanadamu haikatazi kila uovu. Inakataza ule mzito zaidi, hasa unaodhuru wengine, kama kuua na kuiba. Anayeamini kijusi ni mtu anaona kwamba kinaingia moja kwa moja katika kundi hilo, na Papa Yohane Paulo II alisema hivyo kwa nguvu mwaka 1995. Mwingine, anayekubali kwamba utoaji mimba ni dhambi, anajibu kwamba sheria lazima itazame pia inavyotekelezwa: nani atapelelezwa, nani atakufa kwa kuogopa kwenda hospitali, daktari gani atasita huku mgonjwa anavuja damu. Hawa wawili wanaweza kukaa kanisani kwenye benchi moja na wote wakawa wanamfuata Akwino.

Kuhusu kuzuia mimba, hoja ilikwisha kutolewa katika miaka ya 1960 na Mjesuiti John Courtney Murray, alipomshauri Kardinali Cushing wa Boston juu ya sheria ya jimbo la Massachusetts iliyobana njia za kuzuia mimba: hili ni jambo la maadili ya faragha, Wakatoliki wanaweza kuliepuka wenyewe bila kulitungia jinai kwa wengine. Mafundisho hayakubadilika, sheria ikabadilika. Anayeshindwa kutenganisha mambo hayo mawili hatamwelewa Murray, wala hatawaelewa waumini wengi wa kawaida.

Kanuni zinapofika wodini

Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba kwa kawaida haiwezi kukua hadi kuzaliwa salama, na ikipasua mrija mama anaweza kufa kwa kutoka damu ndani ya saa chache. Leo karibu kila kanisa linakubali atibiwe. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1902 Ofisi Takatifu ya Roma, yenye kusimamia mafundisho ya imani, ilijibu kwamba si halali kukitoa kijusi kichanga kilichotunga nje. Mwaka 1933 Mjesuiti T. Lincoln Bouscaren akatetea kuondolewa kwa mrija wenyewe, kwa kuwa mrija umeharibika na unaua. Kifo cha kijusi kinajulikana kwamba kitatokea, lakini si kilichokusudiwa. Hoja hiyo inasimama juu ya kanuni ya tendo lenye matokeo mawili, ambayo mizizi yake imo katika maelezo ya Akwino kuhusu kujihami. Wanateolojia wa Kikatoliki bado wanabishana kama dawa ya methotrexate, inayouacha mrija mzima na uwezo wa kuzaa tena, ni sawa na upasuaji huo. Kwa mgonjwa aliye kitandani tofauti hiyo inaweza kugusa uwezo wake wa kuzaa kesho.

Kanuni hiyo ina mahali inapokwama. Mwishoni mwa mwaka 2009, katika hospitali ya Kikatoliki mjini Phoenix, Arizona, mwanamke mwenye mimba ya wiki 11 alikuwa anakufa kwa shinikizo la damu la mapafu. Kamati ya maadili, ambayo mtawa mmoja alikuwamo, iliruhusu mimba iondolewe. Mama akapona. Askofu wa jimbo alitangaza kwamba mtawa huyo amejitenga na Kanisa, na baadaye akaiondolea hospitali hadhi ya Kikatoliki. Kwa askofu, kijusi kiliuawa moja kwa moja ili mama apone. Kwa watetezi wa kamati, kijusi kisingeishi kwa njia yoyote, na chaguo lilikuwa kati ya vifo viwili na kimoja. Waprotestanti wengi na Wayahudi wangeona uamuzi huo hauhitaji hata mjadala. Nami naona kwamba maadili yanayomtaka mtu wa pili afe ili mikono ya wengine ibaki safi yana deni la maelezo ambalo bado halijalipwa.

Sheria ya Kanisa Katoliki, kwa haki yake, si ngumu kama inavyosimuliwa. Kutengwa kunakompata aliyetoa mimba hakumhusu aliye chini ya miaka 18, na mwenye kutenda kwa hofu kubwa hupunguziwa. Mwaka 2016 Papa Francis aliwapa mapadre wote, bila kikomo cha muda, ruhusa ya kuondolea dhambi hiyo. Msichana aliyesukumwa na mchumba, au na wazazi walioogopa aibu, anatazamwa na sheria hiyo kwa macho tofauti na yale ya majirani.

Mimba isiyo tumboni

Tangu Louise Brown alipozaliwa Uingereza mwaka 1978, urutubishaji wa nje ya mwili umeivuruga ramani yote. Hapa kiinitete, yaani mimba changa ya siku za mwanzo, hakimo ndani ya mtu. Hoja ya "mwili wangu" haina pa kushika, na aliyezoea kuijibu hana wa kumjibu. Ndiyo maana mipaka ya kawaida haipo tena: Wakristo wanaopinga utoaji mimba kwa nguvu zote huenda kliniki kutafuta mtoto, viinitete kadhaa vikatengenezwa, viwili vikapandikizwa, vingine vikagandishwa, na wengi wao hawajawahi kusikia mahubiri yoyote juu ya hilo. Roma ilikataa njia hii mwaka 1987 kwa waraka Donum Vitae. Wabaptisti wa Kusini walilizungumza rasmi mwaka 2024 tu, wakiwahimiza waumini kuzitumia zile njia za uzazi zinazoheshimu utu wa kiinitete. Makanisa mengine mengi hayajasema chochote.

Waraka wa Vatikani wa mwaka 2008, Dignitas Personae, ulijaribu kuuliza vifanyweje viinitete vilivyokwisha kugandishwa na kuachwa. Kuvitumia katika utafiti, hapana. Kuviyeyusha bila kuvihuisha, vitumike katika utafiti kama maiti, hapana. Kuwapa wasiozaa kama tiba ya utasa, hapana. Kuwapa wanandoa wengine wavibebe kama watoto wa kuasili, nia ni njema, lakini matatizo ni yaleyale. Kisha waraka ukaandika kwamba maelfu ya viinitete hivyo yako katika hali ya dhuluma ambayo, kwa kweli, haiwezi kutatuliwa.